Mgeni Aliyekuja Kusalimu Tu

Mtaani kwake watu wengi hawakulijua jina lake alilopewa na wazazi. Walimwita Kimya, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa makochi: kuyavua vitambaa vikuukuu, kubadilisha sponji, kukaza mikanda na springi, kisha kuyavisha upya. Ungempelekea kochi lililochoka mpaka paka wa nyumbani amelihama, angekurudishia likiwa limependeza kama bibi harusi. Ila usingemwomba akutajie bei. Bei aliitaja binti yake.

Binti naye alikuwa na jina la karakana, Sindano. Wateja walidhani ni kwa ajili ya ushonaji, na kweli mshono wake ulinyooka kama umepigwa rula. Lakini mafundi wa jirani walijua sababu nyingine. Mteja akija na maneno ya "nipunguzie kidogo, mimi si mgeni hapa," Sindano aliinua macho kutoka kwenye cherehani na kumchoma mara moja tu. "Kama si mgeni, basi bei unaijua." Mteja alicheka, akalipa. Nyuma huko Kimya aliendelea kugonga, misumari mingine ameibana kwa midomo, na hiyo misumari ndiyo iliyokuwa kisingizio chake cha kutozungumza na watu.

Hivyo ndivyo walivyoishi, baba mikono na binti mdomo. Kisha binti akaolewa, tena nje ya nchi, na fundi wa nguzo za umeme. Kijana mpole, alikuja kutengenezewa kiti cha lori la kampuni yake, kiti kikapona yeye akaugua. Akampeleka Sindano kwa wazazi wake, ng'ambo ya mpaka, akarudi porini kwenye nguzo zake. Karakana ikabaki bila mdomo. Mteja akisema hiki ndicho nilicho nacho, Kimya alikipokea hicho hicho, na mkewe nyumbani akashika kichwa.

Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita simu ilipolia, adhuhuri moja, Kimya amelala chali chini ya kochi anatazama springi zilizokatika.

"Baba, njoo unichukue."

Kimya akatoka chini ya kochi. "Wamekupiga?"

"Hapana."

"Wanakunyima chakula?"

Sindano akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Baba, nimenenepa mpaka pete haivuki kiungo."

"Mumeo je?"

"Hana neno. Amekubali nirudi nyumbani nifanye kazi na wewe mpaka apate mahali petu wawili. Ila anaogopa kumwambia mama yake. Anasema wewe ndiye uje uwaambie."

"Na wewe mwenyewe ukiwaambia?"

"Nimewaambia. Nikisema nataka kurudi kazini, mama mkwe anasema nimechoka, ananipeleka kulala."

"Kwa hiyo niseme mimi."

"Useme wewe, baba."

Kila mmoja alijua ni mzigo gani unaombwa, na unaombwa kwa nani.

Mkewe alimtengenezea maneno, akamkaririsha kama mtoto wa darasa la kwanza. "Wakwe zangu, nimekuja kumchukua mwanangu arudi kazini kwa muda, na mumewe anajua." Ni hayo tu. "Uyaseme mlangoni," mkewe alimwonya, "kabla hujakaa. Wewe ukishakaa umekwisha." Kimya aliyarudia ndani ya basi mpaka jirani yake wa kiti akadhani anasali. Mpakani, askari alipomuuliza anakwenda kufanya nini, yakamtoka yote, bila kukwama: nimekuja kumchukua mwanangu. Askari akagonga muhuri, akasema pita. Kimya akavuka na moyo mwepesi. Akajiambia, kumbe kusema si kazi.

Nyumba ya wakwe ilikuwa nyuma ya duka la mikate, kwa sababu mkwe wake alikuwa mwoka mikate. Alimkuta mlangoni na unga kwenye nyusi, amekunja mikono ya shati. Mama mwenye nyumba alitoka mbio na kanga begani, mwanamke mfupi, mnene, mwenye macho yanayocheka kabla ya mdomo. Nyuma yake alisimama Sindano. Kimya alimtazama mwanawe akaona mtu aliyepambwa: gauni jipya, nywele zimesukwa zikang'aa, mikono imefungwa mbele kama ya mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Karibu mkwe, karibu," mwoka mikate alisema. "Safari ya ghafla hivi, kwema?"

Wote watatu walimtazama. Barabarani baiskeli ilipita na kengele yake. Kimya alifungua mdomo, yale maneno yapo, yamejipanga, na mama mwenye nyumba anamtabasamia kama mtu anayefungua zawadi.

"Kwema," Kimya alisema. "Nimekuja kuwasalimu tu."

Sindano akafumba macho.

Msomaji, mgeni aliyekuja na shida hupewa kiti, maji na masikio. Mgeni aliyevuka mpaka wa nchi kuja kusalimu tu, huyo hupewa nyumba nzima. Mwoka mikate aligeuza kibao cha dukani kikasoma kumefungwa, jambo ambalo, kama alivyoeleza mwenyewe, hakulifanya hata siku tanuri lilipopasuka. Mama mwenye nyumba aliingia jikoni, na muda si muda mtaa mzima ukaanza kunukia vitunguu. Dada yake mwoka mikate, aliyekaa nyumba ya pili, aliitwa kupitia juu ya ukuta. Akaja na sufuria yake mkononi, mwanamke mrefu aliyezoea kusema chochote kilichomjia. Nyumba nzima walimwita Shangazi.

"Huyu ndiye baba wa Tunu?" Shangazi aliuliza, akimzunguka Kimya kama mtu anayenunua ng'ombe. "Mbona kakonda hivi? Kwao wanakula misumari?"

"Nani Tunu?" Kimya aliuliza.

"Si huyu," Shangazi akamwonyesha Sindano kwa kidevu. "Tunu yetu. Jina lake lile lingine mama alisema linachoma, hatulitumii."

Wakakaa mezani. Ikaja supu, ikafuatana na mikate ya moto iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Kimya alikunywa supu haraka, akidhani akimaliza ndipo atasema. Hakujua kwamba supu ni hodi tu. Ukaja wali, akaja samaki mzima amelala kwenye sinia na kichwa chake, ikaja nyama ya kukaanga, wakaja kuku wawili. Mama mwenye nyumba alikaa mkabala naye, yeye mwenyewe akila kidogo, macho yake kwenye sahani ya mgeni. Sehemu nyeupe ikionekana tu, kijiko kilikwishafika. Sahani ile haikupata kuota jua.

"Mama, nimeshiba."

"Umeshiba wapi, na huyo samaki hujamgusa upande wa pili? Geuza. Nyama ya shavu hiyo ni ya mkwe."

Alimgeuza samaki. Kando ya mama, Sindano naye alikuwa analishwa. "Kula Tunu. Maliza Tunu. Acha hiyo, nitakuondolea mwiba." Mkono wa Sindano uliposogea kuchukua jagi ampe baba yake maji, mama aliuwahi. "Wewe kaa, mwanangu. Usijichoshe." Mkono ukarudi pajani. Kimya aliyaona hayo, akaweka kijiko chini.

Akakohoa kusafisha koo. "Wakwe zangu," akaanza.

"Mpeni maji, mkwe amepaliwa," Shangazi akasema, na mwoka mikate akamgonga mgongoni. Maji yalipokwisha, mwoka mikate alikwishaingia kwenye hadithi ya mwaka ule alipotia chumvi mara mbili kwenye unga wa harusi ya watu, na hadithi ile ilikuwa na mashahidi, mzozo, na mwisho wake ulikuwa mbali.

Sasa Kimya ana desturi moja ya kazi. Hakalii kiti akaegemea. Hukaa ukingoni, kwa kuwa amefungua viti vingi, anajua vilivyomo, na mtu akijua vilivyomo hawi na imani. Mama mwenye nyumba aliutazama ule ukaaji kwa muda.

"Mkwe, mbona umekaa kama mtu wa kuondoka? Kiti kigumu hicho. Hamia kwa baba."

"Hapana mama, hiki kinanitosha."

"Hamia, hamia. Mpisheni."

Wakamhamishia kwenye kiti kikubwa cha mwenye nyumba, kiti cha mikono miwili. Kimya alijua kabla hajakaa kwamba springi zake zimekufa zamani. Alizama. Alizama mpaka magoti yakakaribiana na kidevu, na kabla hajajiokoa mwoka mikate akamsogezea meza ndogo mbele, ikambana, na juu ya meza wakaweka sahani yake, bakuli, bilauri na mkate. Kuinuka kusingewezekana mpaka mtu aje aondoe vyombo, kisha aondoe meza, kisha ampe mkono. Alitazama saa ya ukutani. Basi la kurudi mpakani liliondoka saa kumi jioni, na mshale ulikuwa unashuka upande ule.

"Unaiangalia saa yetu?" mwoka mikate aliuliza. "Nzuri eh? Haikosei hata kidogo."

Baada ya wale kuku aliomba kunawa. Ilichukua watu wawili kumtoa. Kwenye ujia wa bafuni Sindano alikuwa amesimama na taulo, peke yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Umesema?"

"Bado."

"Baba."

"Wananipa chakula, mwanangu. Nikifungua mdomo kinaingia kitu."

"Mimi hivyo hivyo mwaka mzima." Akampa taulo, na Kimya akaviona vidole vyake. Katika karakana vidole vile vilikuwa na ngozi ngumu nchani na makovu madogo ya sindano. Sasa vilikuwa laini kama vya mtoto, kucha ndefu, zimepakwa rangi nyekundu bila kuvuka mstari.

"Kucha hizi?"

"Mama ananipaka. Anafurahi sana akinipaka, baba, anaimba. Namwambiaje aache?" Alitazama mlangoni. "Mimi nimeongea na wateja wabishi, nimeongea na wezi wa vitambaa. Huyu mama siwezi. Ukimchoma anadhani umejichoma wewe, anakutafutia dawa."

"Nitasema kwenye matunda," Kimya akamwahidi.

"Na kama hayaji?"

"Yatakuja. Hapa kila kitu kinakuja."

Alirudi sebuleni kabla matunda hayajafika. Ili asirudishwe kwenye kile kiti alijifanya anatazama nyumba. Dirishani kulikuwa na meza nyembamba iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Mama mwenye nyumba akamfuata mbio.

"Umeiona? Nilikuwa nataka nikuonyeshe." Akahamisha maua, akafunua kitambaa. Chini yake ilikuwa cherehani. Mpya, ya mguu, na nailoni ya dukani bado imevishwa kichwani. "Siku Tunu alipotuambia anapenda kushona, kesho yake baba akaileta. Sisi mtoto akisema kitu hatulali."

Kimya aliitazama. Ilikuwa mashine nzuri kuliko zote alizowahi kumiliki. "Anashona nini nayo?"

"Ashone ili iweje, mkwe? Nguo zimejaa madukani. Na kule kukanyaga kunaua mgongo. Tumemwekea hapa, akipita anaiona." Alisema hivyo kwa upendo kabisa, huku akiifuta vumbi kwa ncha ya kanga.

Kimya aligusa gurudumu kwa kidole kimoja. Lilikuwa gumu, halijazunguka tangu litoke kiwandani. Alipogeuka alimwona Sindano amekaa sofani, anatazama maua ya plastiki yaliyowekwa sakafuni, uso hauna kitu.

Matunda yakaja. Tikiti maji limekatwa vipande, maembe, ndizi, na pamoja nayo chai kwa ajili ya kushushia. Kimya alirudishwa kwenye kiti chake, akazama, akabanwa.

"Mkwe," mwoka mikate akasema, akiegemea na kufungua kifungo cha tumbo, "umetupa heshima kubwa. Watu wa siku hizi mpaka wawe na shida ndipo wakumbuke wakwe. Wewe umekuja kusalimu tu. Sasa mimi na mama tumeshauriana jikoni. Huondoki. Utakaa mwezi mmoja."

"Mwezi mdogo," mama akasema. "Miwili."

"Atanenepa huyu, atarudi kwao mke asimjue," Shangazi akasema, na wote wakacheka, na Kimya naye akajiona anacheka, na kicheko kile ndicho kilichomtia hofu. Aliona wazi jinsi ambavyo angekaa mwezi, anacheka, anageuza samaki upande wa pili, na mwanawe amekaa pale sofani na kucha zake. Akainamia kipande cha tikiti, akalisemesha tikiti.

"Nimekuja kumchukua mwanangu arudi kazini kwa muda, na mumewe anajua."

"Amesema nini?" Shangazi aliuliza.

Hakuna aliyesikia. Alikuwa ameyasema kama mtu anayehesabu mbegu. Ikambidi ayaseme tena, safari hii kwa sauti, akiwatazama machoni mmoja baada ya mwingine, na kila neno likawa zito maradufu. Alipofika "mumewe anajua," chai ya mama mwenye nyumba ilikuwa imesimama katikati ya sahani na mdomo.

Saa ile isiyokosea ikasikika.

"Kwa hiyo," mama akasema polepole, "chakula chote hiki ulikuwa unakula unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Hata samaki?"

"Hata samaki."

Akaweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umefungwa kutoka ndani. Kimya angeweza kustahimili matusi, lakini ule uso hakuuweza, na kwa kuwa alikuwa amebanwa na meza hakuwa na pa kuupeleka wake.

"Mimi nataka kujua kosa," mwoka mikate akasema. Hakuwa na hasira, sauti ilikuwa ya mtu anayetafuta kitu sakafuni. "Mkwe, mtoto wa mtu haondoki kwa watu bila kosa. Tumemtusi? Tumemnyima? Tunu, sema mwenyewe hapa mbele ya baba yako. Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea," Sindano akasema.

"Basi?"

Sindano akafungua mdomo akaufunga. Kwa mara ya kwanza Kimya alimwona binti yake amekosa la kusema. Kosa lingekuwepo wangelishika, wakalipima, wakaombana radhi, yakaisha. Hapa hapakuwa na cha kushika. Kulikuwa na samaki, gauni, cherehani mpya dirishani.

"Mkwe," Kimya akasema, na hata yeye alishangaa kujisikia, maana haya hayakuwa kwenye maneno ya mkewe. "Wakubwa walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanangu ana zaidi ya mwaka. Mpaka leo hajapewa jembe."

"Jembe!" mama akasema. "Sisi tumpe mtoto wa mtu jembe? Watu watasema tumemwoa tumfanye mtumishi."

"Basi ni mgeni bado, mama. Na mgeni kwao kuna siku anarudi."

"Lakini yupo kwake hapa. Ana raha."

"Mama," Sindano akasema. Alikuwa amesimama. "Nenda kaangalie foronya."

"Foronya gani?"

"Zako, za baba, za chumba cha wageni. Foronya zote za nyumba hii nimezifumua nikazishona upya kwa mkono. Zote. Zilipokwisha nikazifumua tena. Sindano niliitoa kwenye kisanduku cha dawa, ile ya kutolea miiba. Nafunga mlango, mnajua nimelala, mimi nashona foronya. Sasa hivi nipo raundi ya tatu." Akameza mate. "Zilikuwa nzima, mama. Hazikuwa na tatizo."

Shangazi, ambaye hakuwahi kukosa neno, akatazama mikono yake.

Mama mwenye nyumba aliinuka akaingia chumbani. Alirudi amebeba mto wake, akakaa nao mapajani, akaugeuza mpaka kwenye mshono. Akaupitishia kidole gumba toka kona moja hadi nyingine, mishono midogo, iliyobanana, imenyooka. Akarudia tena.

"Nilidhani ni ya dukani," akasema. "Nilimsifia hata mwenye duka."

"Kwa nini hukutuambia?" mwoka mikate akauliza.

"Niliwaambia, baba. Mkanipeleka kulala."

Kimya alitaka kuinuka amshike mwanawe bega, akasukuma meza, vyombo vikagongana, akaacha. Alibaki humo kitini anatazama juu, kama mtu aliyeanguka kisimani akasikia watu wanazungumza huko juu. Mama aliuweka mto pembeni, akakusanya sahani za matunda ambayo hayakuliwa, akaenda jikoni. Shangazi akachukua sufuria yake, akaaga kwa sauti ndogo. Na mwoka mikate alipoinua macho kwenye saa, akasema kwa adabu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba:

"Basi lenu limeondoka."

Basi limeondoka, na hapo hapakuwa na nyumba ya wageni karibu, na hata ingekuwepo nani angethubutu kuitaja? Kimya alikuwa amekwisha kusema lile neno ambalo mtu husema akiwa amevaa viatu, mkono kwenye komeo. Sasa amelisema, na yuko pale pale, kwenye kiti cha mwenye nyumba, miguu mitupu, zamu yake ya ugeni haijaisha. Wakwe nao hawakuwa na njia. Huwezi kumnunia mtu ambaye lazima umtandikie kitanda. Mwoka mikate akaondoa vyombo kimoja kimoja, akaondoa meza, akampa Kimya mikono yote miwili na kumvuta.

"Kiti hiki kibovu," akasema, bila kumtazama.

"Springi," Kimya akajibu. "Na mikanda imelegea."

"Najua. Mama anasema ndicho laini kuliko vyote." Akasimama kidogo. "Kijana wetu ni mmoja tu, mkwe, na tangu mdogo hakuwa mlaji. Mke wangu anapika, kijana anachezea kijiko. Huyu akaja, akawa anamaliza sahani. Ndiyo hivyo tu. Hatukuwa na nia mbaya."

"Najua, mkwe."

"Angetuambia hataki sahani ya pili, labda tungeacha, sijui."

"Hakujua pa kuanzia," Kimya akasema. "Amenirithi."

Jua lilipozama mama mwenye nyumba akaandaa tena. Kimya hakuamini macho yake. Kiporo cha wali kimepashwa, nyama, mkate, bakuli la mchuzi. Walikaa wanne. Hakuna aliyesema maliza, hakuna kijiko kilichotoka upande wa pili wa meza. Kila mtu alijipakulia, na kila mlio wa kijiko kwenye sahani ulisikika kama mtu amebisha hodi. Kimya hakuwa na njaa hata ya punje, lakini alikula, kwa kuwa kutokula kungekuwa tusi juu ya jeraha.

"Chumvi ipo?" mama aliuliza, macho kwenye mchuzi.

"Ipo, mama."

"Maana sijaonja."

"Ipo ya kutosha."

Walipomaliza, Sindano aliinuka akaanza kukusanya vyombo. Mama aliinua mkono wake kwa mazoea, ukafika nusu ya njia, ukashuka mezani. Sindano akavibeba. Huko jikoni maji yakafunguliwa.

"Basi la kwanza linatoka alfajiri," mwoka mikate akasema. "Mimi saa hizo niko na tanuri. Nitawaamsha."

"Hawataondoka bila chai," mama akasema. Haikuwa sauti ya ugomvi, ilikuwa sauti yake ya kila siku, imerudi yenyewe kama maji ya mfereji. "Nitaamka mapema. Mayai yapo. Na ule mkate wa maziwa."

Kutoka jikoni sauti ya vyombo ikakoma. Kimya aliujua ukimya ule. Chai ya nyumba hii isingekuwa chai. Ingekuwa chai, kisha mayai, kisha kipande kingine, kisha kaa kidogo jua litoke, na basi lingekwenda, na kesho yake kungekuwa na samaki. Alimtazama mama mwenye nyumba, macho yamevimba kidogo, mikono imekaa juu ya meza haina cha kupakua. Alijua anachotakiwa kusema, na safari hii hapakuwa na mtu aliyemtungia maneno.

"Mama," akasema. "Kesho hatutakaa mezani. Tukikaa hatutaondoka. Mimi na wewe tunajua."

Mama alifuta meza mahali palipokuwa pakavu. Akafuta tena. Mwoka mikate akatazama ukuta.

"Nitaitia kwenye chupa," mama akasema mwishowe. "Chai. Mtakunywa ndani ya basi."

"Asante, mama."

"Ile chupa kubwa ya bluu. Ni ya seti, nisingependa ipotee." Akageuza kichwa kuelekea jikoni, akapandisha sauti. "Nasema chupa yangu irudi."

Sindano alitokea mlangoni, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko.

"Nitairudisha mwenyewe, mama," akasema. "Ila nikija siku hiyo, mniache nifungue ile cherehani."

Mama akamtazama miguuni. "Inakanyagwa kwa mguu upi?" akauliza.

"Yote miwili."

"Mh," akasema mama, akainuka kwenda kuitafuta chupa.